Dakika Kumi na Moja

Ujumbe wako wa sauti, Chedego, niliusikilizia shambani Hombolo,
mkasi wa kupogolea mkononi, simu nimeibana kwa bega.
Ulikohoa kwanza. Halafu ukacheka
kile kicheko cha baba alipokuwa akidaiwa.

Ukasema: nimeanguka kazini, dada.
Nilikuwa namgeuza mzee mmoja kitandani, nimbadilishie shuka,
tumbo likanikata, nikalala chini kama gunia.
Gari la wagonjwa likanibeba dakika kumi na moja.
Nimezihesabu, maana bili imezihesabu.

Dakika kumi na moja!
Kwa dakika hizo pikipiki ya Mlewa
haijafika hata Ihumwa.

Ukataja fedha. Nikaigeuza kuwa shilingi,
nikadhani nimekosea sifuri, nikampa Mbeho wa darasa la sita airudie.
Akaandika kwa kijiti mchangani. Sifuri zilikuwa zilezile.
Mama akauliza: ni ng'ombe wangapi?
Nikamwambia sita.
Hakuuliza tena.

Kwetu mgonjwa haulizwi uji.
Huko nako hawakukuuliza uji, walikuuliza kadi,
na kadi yenyewe, kwa maneno yako, ni chekeche:
inazuia mawe, inapitisha unga wote.

Usidhani nakucheka.
Mwezi wa tatu nilimpeleka mama mjini, presha.
Tulikaa kwenye benchi tangu adhana ya alfajiri.
Yule wa dirishani, kupitia katundu kadogo kama ka kulishia kuku,
akasema mtandao uko chini, kadi haisomi.
Mama akaichukua kadi, akaipangusa kwa khanga, akairudisha,
akaipangusa tena,
kana kwamba kosa ni la jasho lake.
Nje ikasimama V8 nyeupe, haikuzimwa, kiyoyozi kikinguruma.
Akashuka mheshimiwa mwenye mafua.
Mafua, Chedego.
Akapita mlango usio na foleni,
na mtandao, sijui kwa njia gani, ukapanda.

Kwa hiyo ile harufu uliyoisema naijua,
dawa ya sakafu iliyochanganyika na aibu.
Ila mimi nilidhani ni ya kwetu peke yetu.
Nilidhani mtu akipanda ndege inabaki uwanjani
pamoja na wanaopunga mikono.

Jumamosi tukaenda mnadani Msalato.
Tulimpeleka yule dume mwekundu wa pembe moja
uliyemchunga akiwa ndama, kabla hujapata pasipoti.
Mnunuzi akamshika nundu, akampanua mdomo, akahesabu meno,
akataja bei huku akitazama kwingine.
Mama akamwambia: ongeza, mwanangu anaumwa Marekani.
Watu wakacheka. Kweli walicheka, hadi mchoma nyama:
"Bibi, hela hutoka Marekani, haziendi!"
Mama hakumjibu.
Akazifunga noti kwenye pindo la khanga, fundo moja,
akafikiri,
akafunga la pili.

Nimetuma jana. Wakala alikuwa na huruma
lakini makato hayana.
Mbeho amepiga hesabu upya, kijiti kilekile:
dume zima limelipa dakika mbili, pungufu kidogo.

Basi hizo ni zako, ndugu yangu.
Kuanzia walipofunga mlango wa gari
mpaka, sijui, taa nyekundu ya kwanza,
hapo hudaiwi na mtu. Hapo ulale.
Zile tisa waambie wangoje zabibu,
na zabibu waambie mwaka huu zimepata ukungu,
na wakipiga simu usiku usipokee.

Jambo moja tu limenikosesha usingizi,
nalo hukulisema, nami sikukuuliza:
yule mzee uliyekuwa ukimgeuza,
amebaki ubavu, nusu ya shuka mgongoni,
nani alimmalizia?